Binti yangu anajitapisha lakini hakondi, huo nao ni ugonjwa?

Mama mmoja wa Tanga ameniandikia, nimefupisha kidogo na kutoa vitu vya kumtambulisha:

"Habari daktari. Nina binti wa miaka 17 yuko kidato cha nne. Toka mwaka jana nahisi anajitapisha, akimaliza kula tu anaingia chooni anafungulia bomba, akitoka macho mekundu. Nilidhani mimba, tukapima hana. Nikadhani vidonda vya tumbo, akapewa dawa wapi. Nikampeleka hospitali, daktari akampima uzito akasema huyu mbona ana mwili wake mzuri tu, wanaojitapisha wanabaki mifupa mitupu, tena akamwambia angepunguza kidogo. Wifi yangu anasema hayo magonjwa ni ya wazungu. Binti ni bonge kidogo kama mimi mama yake. Mwaka jana tulipiga diet pamoja kwa ajili ya harusi ya dada yake, akapungua kila mtu akamsifia, saivi amerudi palepale. Naomba kujua, kama kweli anatapika mbona hakondi? Na huo ni ugonjwa au utoto?"

Mama, pole sana. Nianze na swali la mwisho maana ndo lenye haraka: huo sio utoto. Sijamuona binti kwahiyo siwezi kumuandikia ugonjwa kupitia simu, lakini mtoto anayejitapisha kwa siri kwa miezi mingi anatakiwa aonwe na daktari wiki hii hii, awe na kilo arobaini awe na kilo tisini. Kilo zake hazibadilishi kitu kwenye hilo na ndo maana nimeamua kukujibu kwa urefu, kwasababu nikisoma barua yako naona kila mtu aliyehusika, wewe, wifi, hata huyo daktari, mmekwama sehemu moja, mnasubiri mwili uwaambie kama mtoto anaumwa. Kwa ugonjwa huu mwili hausemi hivyo. Ni kama presha, huwezi kumuangalia mtu usoni ukajua ina ngapi.

Ulivyoelezea vinafanana sana na ugonjwa unaoitwa bulimia. Mtu anakula chakula kingi kwa mkupuo, anahisi hawezi kujizuia, halafu anapatwa na hofu na aibu kubwa anatafuta namna ya kukitoa, wengine kwa kutapika, wengine kwa dawa za kuharisha, wengine kwa kushinda njaa siku mbili au mazoezi ya kujiumiza. Aliyeuelezea kitaalamu ni daktari wa London, Gerald Russell, mwaka 1979, na kitu alichokiona ni kwamba wagonjwa wake walikuwa na hofu ileile ya unene waliyonayo watu wa anoreksia (ule ugonjwa wa kujinyima chakula mpaka mtu anaisha) ila miili yao haikuwa imeisha vile. Yani toka siku ya kwanza ugonjwa huu unaandikwa vitabuni ilijulikana kwamba wenye nao hawawi mifupa mitupu. Leo hii wagonjwa wengi wa bulimia ninaowajua mimi na wenzangu wana uzito wa kawaida au wamezidi.

Hiyo picha ya mifupa imetoka kwenye anoreksia, ambayo ilianza kuandikwa na madaktari zamani sana, 1873 kule Paris na London, na kwa kuwa inaonekana kwa macho ndo imebaki kichwani mwa watu kama sura ya magonjwa yote ya ulaji. Lakini anoreksia ndo yenye watu wachache kuliko zote! Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotolewa 2007 ulikuta wanawake waliowahi kuwa na anoreksia ni asilimia 0.9, bulimia 1.5, na wale wa kula kwa mkupuo bila kutapika asilimia 3.5. Kwa wanaume hiyo ya mkupuo ilikuwa asilimia 2, kwahiyo wanaume nao wamo, ila wao hawasemi kabisa na hakuna anayewauliza. Na hili kundi la tatu, ambalo wengi wake ni watu wanene, lilikuja kuandikwa kama ugonjwa unaojitegemea kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013 tu. Kabla ya hapo mtu mnene akisema nakula siwezi kuacha, nalia usiku, alikuwa anaambiwa jikaze. Bado anaambiwa jikaze hadi leo, na inaniuma sana maana huyo mtu ameshajikaza miaka kumi na kujikaza ndo kumemfikisha hapo.

Unamkumbuka Diana, yule aliyekuwa mke wa mwana mfalme wa Uingereza? Aliumwa bulimia kwa miaka. Alikuwa anapigwa picha kila siku na dunia nzima, madaktari wa kila aina wako mlangoni, bado alikaa nao kimya, na alipohojiwa na BBC mwaka 1995 akaeleza mwenyewe kwamba kwenye bulimia uzito unabaki ulivyo kwahiyo mtu unaweza kuigiza mwanzo mwisho hakuna ushahidi. Sasa kama yule hakuonekana, binti yako wa kidato cha nne ataonekana kwa kupandishwa kwenye mzani?

Kwanini hakondi. Kwasababu kutapika hakurudishi chakula chote, sehemu kubwa inakuwa imeshaingia, na dawa za kuharisha ndo kabisa, zinafanya kazi kwenye utumbo mpana wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, anachopoteza pale ni maji na chumvichumvi za mwili, mzani unashuka leo kesho unapanda. Halafu kuna kitu kikubwa zaidi, mwili ulioshindishwa njaa unalipiza. Akishinda na njaa toka asubuhi shuleni, jioni akikutana na sufuria la wali hawezi kula sahani moja, hapo sio tamaa wala ukosefu wa adabu, mwili umeamuru. Anakula, anaogopa, anatapika, kesho anajiadhibu na njaa, jioni tena. Hiyo duara inaweza kuzunguka miaka na kilo zisisogee.

Na hapa nataka unisikilize vizuri kwasababu ndo sehemu ya hatari. Kila anapotapika anapoteza asidi ya tumbo na maji, na mwili kwa kujaribu kujirekebisha unapoteza potasiamu. Potasiamu ndo inayosaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Ikishuka sana moyo unaanza kupiga ovyo na unaweza kusimama, ghafla tu, kwa mtu ambaye jana alikuwa anacheka na wenzake na ana mwili wa kupendeza. Kwahiyo mtu akikuambia "huyu ana mwili mzuri hana shida" muulize potasiamu yake ni ngapi. Kama hajapima hajui. Ukiona anazimia au kizunguzungu kikali, moyo unakwenda mbio au unaruka, misuli inalegea au inakaza yenyewe, anatapika damu, au anasema hataki kuishi, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo hata kama ni saa nane usiku.

Kuna dalili nyingine ndogo unaweza kuziangalia ukiwa nyumbani. Mashavu kuvimba chini ya masikio kama mtu mwenye matubwitubwi, hizo ni tezi za mate. Meno kuanza kuuma na baridi, kuwa membamba kwenye ncha, kwasababu asidi inakula ganda la jino. Makovu au ugumu kwenye vifundo vya vidole. Sauti kukwaruza, koo kila saa, hedhi kuruka. Vyakula kupotea usiku kabatini. Usiziangalie kama polisi, ziangalie ili daktari akikuuliza uwe na la kusema.

Sasa hiyo habari ya harusi. Mama, hukumsababishia ugonjwa, naomba hilo liingie kabisa maana najua ukifika hapa kwenye barua utaanza kulia. Magonjwa haya yana kurithi ndani yake, yana tabia ya mtu alivyozaliwa, yana mambo ya shule na simu na huzuni ambazo hata wewe huzijui. Mamilioni ya watu wanapiga diet hawapati bulimia. Lakini kwa mtoto ambaye tayari yuko njiani, diet ndo mlango anaoingilia na hilo tunaliona mara nyingi mno kulipuuzia.

Kuna utafiti mmoja nawaelezaga wazazi wote. Vita ya pili ya dunia inakaribia kuisha, 1944, chuo kikuu cha Minnesota Marekani, mtafiti anaitwa Ancel Keys alichukua vijana wa kiume 36 wazima wa mwili na akili, wamejitolea wenyewe, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa miezi sita ili wajue namna ya kuwasaidia watu walioteswa na njaa Ulaya. Hawa hawakuwa na hofu ya unene, hawakuwa na TikTok, hawakuwa wasichana. Miezi ilivyokwenda wakawa hawawazi kitu kingine ila chakula, wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, wanalamba sahani, wanakula chakula kidogo kwa masaa, wanasikia baridi kiangazi, hasira, huzuni, hamu ya wanawake imekufa. Na waliporudishiwa chakula baadhi yao walikula bila kikomo mpaka wanaumwa na bado wanasema wana njaa, hali hiyo ikaendelea kwa wengine miezi mingi. Watu wazima kabisa! Kwahiyo ukimuona binti yako anakula sufuria usijiulize amekuwa mroho lini, jiulize amekuwa na njaa toka lini.

Na sifa. Hili nalisema na sifichi, sifa tunazowapa watoto wakipungua zina madhara. Alipungua kila mtu akamwambia umependeza, shepu imetoka, hadi mashangazi ambao hawajawahi kumpongeza kwa divisheni one. Hakuna aliyemuuliza umepunguaje. Mtoto akajifunza kwamba mwili ule mdogo ndo wenye kupendwa, halafu ulipoanza kurudi (na mwili unarudi, kwa wengi wanaopiga diet uzito unarudi, ni kazi ya mwili yenyewe sio uvivu) akaona anapoteza mapenzi ya ukoo mzima. Mtu mwembamba akianza kushinda njaa na kupungua kwa kasi tunakimbilia hospitali. Mtu mnene akifanya vilevile tunampigia makofi. Ni ugonjwa uleule. Wapo watoto wamepoteza sehemu kubwa ya uzito wao kwa miezi michache, mapigo ya moyo yameshuka, hedhi imekata, wanasikia baridi muda wote, ila kwa kuwa walianzia juu mzani unasema bado wako "kawaida". Hao wana anoreksia kwa kila kitu isipokuwa muonekano, na moyo wao unaweza kuwa kwenye hatari sawa na wa yule wa mifupa. Daktari anatakiwa kuuliza amepoteza kiasi gani na kwa muda gani, sio ana kilo ngapi leo.

Nisimseme sana mwenzangu aliyemuona, kwenye mafunzo yetu magonjwa haya yanapewa muda mdogo, ila ile "angepunguza kidogo" naomba muifute. Na BMI, yani ule uzito unaolinganishwa na urefu, anayotumia kuhukumu ilitokana na hesabu za Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, miaka ya 1830, alikuwa anatafuta wastani wa watu wengi, hakuwa daktari na hakuitengeneza kwa ajili ya kumpima mgonjwa mmojammoja. Inasaidia kwa baadhi ya mambo. Kujua kama mtu anajitapisha haisaidii.

Wifi sasa. Mpe salamu zangu, na hayuko peke yake, hata wataalamu wengi waliamini hivyo. Fiji, visiwa vya Pasifiki, ni watu wanaopenda mwili mkubwa, kumwambia mtu umenenepa ni kumsifia kama ilivyo kwetu. Televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995, mtafiti wa Harvard Anne Becker akawauliza wasichana wa sekondari muda huohuo, hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha kupunguza uzito. Akarudi 1998, asilimia 11.3 wakasema wanafanya. Miaka mitatu tu, na hiyo ni televisheni, haijawa simu iliyo mkononi mpaka chini ya shuka.

Na sisi huku tunamchanganya mtoto zaidi maana tunataka vyote viwili kwa pamoja. Akikonda anaambiwa ana ngoma, au ana mawazo, au mume hamtunzi. Akinenepa anaambiwa kitambi hicho, punguza chapati. Wasichana wangapi nimewaona wametumia chai ya kupunguza tumbo mwaka huu na mwaka unaofuata vidonge vya kuongeza hips, vingine ni dawa za aleji kama cyproheptadine au steroidi zinazouzwa kinyemela, zinazovimbisha uso na kupandisha sukari na presha. Wote hao ukiwaweka kwenye mzani hutapata jibu la maana.

Kuna kitu kimoja cha kwetu ambacho vitabu vya nje havikisemi sana: kufunga. Mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza kuupenda sana mfungo, sunna za Jumatatu na Alhamisi, au kwa Wakristo maombi ya kufunga ya siku ishirini na moja, kwasababu ni njaa yenye heshima na hakuna mzazi atakayemzuia. Sisemi kila anayefunga anaumwa, astaghfirullah. Nasema kwa anayejitapisha mfungo unamrudisha kwenye ile duara, njaa mchana, mkupuo kwenye futari, chooni. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na huu ni ugonjwa, kwahiyo ongea na daktari na shehe au mchungaji unayemwamini kabla ya mfungo ujao.

Cha kufanya. Mtafute ukiwa naye peke yake, sio mezani, sio mbele ya wadogo zake, sio dakika anayotoka chooni. Mwambie ulichokiona na unachohofia, kitu kama "mwanangu nimesikia unatapika baada ya kula, sijakasirika, naogopa kwa ajili yako, nataka twende wote kwa daktari." Basi. Usimtajie mwili wake hata kwa kumsifia, usimwambie anatupa chakula wakati kuna watu wana njaa, hayo ameshajiambia mwenyewe mara elfu. Anaweza kukataa na kukasirika, ni kawaida, rudia baada ya siku mbili tatu. Ila vipimo visisubiri akubali kila kitu.

Hospitali ya rufaa ya mkoa ukifika usianze na "anatapika" maana utarudishwa kwenye vidonda vya tumbo na vipimo vya H. pylori, yani bakteria wa vidonda vya tumbo. Sema hivi: binti yangu anajitapisha kwa makusudi baada ya kula, kwa muda mrefu, naomba apimwe potasiamu na chumvi nyingine za damu, figo, sukari, presha akiwa amelala na akiwa amesimama, na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Aonane na daktari faragha pia bila wewe, kuna mambo hatayasema ukiwepo. Halafu omba rufaa ya kliniki ya afya ya akili, uliza kwanza hapohapo mkoani, halafu kuna hospitali ya KCMC Moshi, na Muhimbili ipo. Uliza mwanasaikolojia anayefanya CBT, hiyo tiba ya mazungumzo ndo yenye ushahidi mzuri kwa bulimia, na kwa umri wake tiba inayoshirikisha mzazi kwenye kusimamia milo inasaidia sana. Kuna dawa pia, fluoxetine, daktari wa akili anaweza kuiongeza akiona inafaa, usimnunulie duka la dawa kwa kusikia kwangu.

Nyumbani kitu kinachovunja ile duara ni kula kwa ratiba. Chai na kitafunwa asubuhi, mchana, jioni, na kitu kidogo katikati, hakuna kuruka hata kama jana alitapika, hasa kama jana alitapika. Mle pamoja chakula kilekile, ugali na dagaa, wali maharage, chochote cha siku hiyo, bila chakula cha "diet" cha mtu mmoja. Ule muda wa saa moja baada ya kula kaa naye, mchambue mchele, mwangalie tamthilia, atembee na wewe hadi dukani, maana hamu ya kutapika inapanda halafu inashuka, na akiwa na mtu inamwia rahisi kuivuka. Mlango wa choo usiuvunje. Mzani utoe nyumbani. Akitapika asukutue na maji yenye baking soda kidogo au maji matupu, asipige mswaki papo hapo kwasababu ganda limelainika kwa asidi na mswaki utalikwangua, na mpeleke kwa daktari wa meno.

Na wewe mama, diet yako. Kama una presha au sukari fuata ushauri wa daktari wako, ila usiihesabu mbele yake, usijisimange kwenye kioo, usiseme "leo nimekula kama nguruwe". Unene wako umerithi sehemu yake kubwa kama na yeye alivyorithi kwako, na kwa sasa uzito wake sio wa kushughulikiwa na mtu yeyote, wala lisiwe lengo la tiba. Tukianza kumpunguza sasa tunaumwagia moto mafuta. Tunatibu kutapika, mkupuo, njaa na hofu, mwili utatulia unapotulia.

Shuleni mwambie mwalimu mmoja tu unayemwamini, ili apewe muda wa kula mchana na asilazimishwe kukimbia mchakamchaka mpaka ECG irudi. Mitihani ya mwisho inaweza kumzidishia, kwahiyo msisubiri imalizike ndo muanze. Kupona kunachukua miezi na atarudi nyuma mara kadhaa, akijitapisha tena baada ya wiki tatu nzuri usione yote yamepotea, endeleeni na mlo unaofuata. Majibu ya potasiamu yakitoka niandikie, hata kama yamekuja kawaida, maana yanaweza kuwa kawaida leo na wiki ijayo yakashuka, kwahiyo kama bado anatapika muulize daktari anataka kuyarudia baada ya muda gani.